Mgonjwa ndiye wa mwisho kuulizwa

Juni 20, 2025 wabunge wa Uingereza walipitisha, kwa kura 314 dhidi ya 291, muswada wa kumruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona, mwenye miezi sita au pungufu ya kuishi, kuomba dawa ya kumaliza maisha yake. Habari ilipofika huku kwetu, makundi ya WhatsApp yaliipokea kama yanavyopokea kila habari ya Ulaya yenye harufu ya kifo au ndoa: wenzetu wameishiwa utu, wamechoka kuwauguza wazazi wao, sasa wanawamaliza kisheria. Miezi mitano kabla ya hapo, Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imebatilisha kifungu cha sheria kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na wapo waliounganisha mambo hayo mawili wakasema, haya, mlango umeshafunguliwa, nasi tuko njiani. Nimefuatilia mabishano hayo kwa muda, na naona wanaolaani na wanaoshangilia wamekosea mahali pamoja. Wote wanabishana kama ni halali mtu kusaidiwa kufa. Wanaliruka swali linalotangulia, ambalo muswada mzima wa Uingereza umejengwa juu yake: ni nani mwenye kauli juu ya mtu anayekufa, yeye mwenyewe au watu waliokizunguka kitanda chake?

Niseme msimamo wangu mapema. Sioni sababu ya kutosha ya dola kumzuia mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye kweli anakufa, anayeomba kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini sheria ya namna hiyo ikipelekwa kesho Dodoma, Nairobi au Kampala, ningeipinga, na nisingehitaji kufungua Biblia wala Kurani kutafuta sababu. Katika hospitali zetu mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kuulizwa, na mara nyingi zamu yake haifiki kabisa. Mtu ambaye hajaambiwa kwamba anakufa, na ambaye hajapewa dawa ya kutuliza maumivu yake, hawezi kusemwa kwamba amechagua kufa.

Tuanze na muswada wenyewe, maana wengi wanaoulaani hawajausoma. Ulipelekwa bungeni mwaka 2024 na Kim Leadbeater, mbunge wa chama cha Labour, na unahusu England na Wales peke yake. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na uwezo wa kuamua, na awe na ugonjwa ambao madaktari wanatarajia utamuua ndani ya miezi sita. Anatia saini matamko mawili kwa nyakati tofauti, anapimwa na madaktari wawili kila mmoja peke yake, kisha jalada lake linapelekwa kwa jopo la watu watatu: mwanasheria mwandamizi, daktari wa magonjwa ya akili na ofisa ustawi wa jamii. Dawa ikishaletwa, daktari hamnyweshi. Mgonjwa anaitumia mwenyewe. Uzee hautoshi kuwa sababu, wala ulemavu, wala ugonjwa wa akili peke yake. Na hakuna mtoto, mume, kaka wala padri anayeweza kuomba kwa niaba ya mgonjwa. Yule bibi aliyepoteza kumbukumbu, ambaye ndiye hasa makundi ya WhatsApp yanamlilia, hawezi kuuanza utaratibu huu, kwa kuwa uwezo wa kuamua umeshamtoka. Muswada ulipofika Baraza la Malodi, ambalo ni baraza la juu la bunge lao, ulikutana na mapendekezo ya marekebisho zaidi ya elfu moja. Mtu anaweza kuupinga kwa sababu nyingi nzuri, ila kusema kwamba ni njama ya kuwaondoa wazee ni kuzungumzia kitu kingine.

Uingereza haikuwa ya kwanza, na nchi zilizotangulia hazifanani. Uswisi, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1942, haimtii hatiani anayemsaidia mwenzake kujiua ila kama amefanya hivyo kwa maslahi yake binafsi, na kwa mwanya huo mashirika ya Zurich yamekuwa yakipokea wagonjwa kutoka nje. Sheria za Uholanzi na Ubelgiji zilianza kutumika mwaka 2002. Huko daktari anaweza kumdunga mgonjwa sindano, na kipimo ni mateso yasiyovumilika yasiyo na matumaini ya nafuu, hata kama kifo hakijakaribia. Jimbo la Oregon nchini Marekani, ambalo sheria yake ilianza kazi mwaka 1997, ndilo mzazi wa muswada wa Uingereza: miezi sita, akili timamu, mgonjwa anajinywea mwenyewe. Mei 2025 wabunge wa Ufaransa nao walipiga kura kukubali muswada wao, na Oktoba mwaka huohuo Uruguay ikapitisha sheria. Mwezi mmoja baadaye wananchi wa Slovenia waliikataa sheria yao katika kura ya maoni. Kwa hiyo hata ule usemi kwamba "dunia yote imeshakubali" si kweli.

Afrika nayo haikukaa pembeni. Aprili 30, 2015 Jaji Hans Fabricius wa Mahakama Kuu ya Pretoria aliamuru kwamba Robin Stransham-Ford, wakili aliyekuwa akifa kwa saratani ya tezi dume, asaidiwe na daktari kufa bila daktari huyo kushtakiwa. Wakati amri inasomwa, mwombaji alikuwa ameshafariki saa chache kabla, kifo cha kawaida cha ugonjwa wake. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini ikaifuta amri hiyo: haki ya mwombaji ilikuwa imekufa naye, na ushahidi uliokuwepo haukutosha kubadilisha sheria ya nchi nzima. Kuhusu Kenya, waliosema mlango umefunguliwa hawakusoma hukumu ya Januari 2025. Jaji Lawrence Mugambi alikifuta kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua, kwa hoja kwamba kinamfunga jela mtu anayehitaji matibabu. Kifungu kinachotangulia, cha 225, kinachotoa adhabu ya kifungo cha maisha kwa anayemsaidia mwingine kujiua, kimebaki palepale. Tanzania kuna makosa yote mawili vitabuni mpaka leo.

Sasa hoja. Iliyo nzito zaidi upande wa wanaounga mkono haitokani na maumivu, ingawa ndiyo picha wanayopenda kuionyesha. Oregon hutoa taarifa kila mwaka kuhusu walioandikiwa dawa hiyo na sababu walizowapa madaktari wao. Miaka nenda, miaka rudi, sababu zinazoongoza ni zilezile: kupoteza uhuru wa kujiamulia, kutoweza tena kufanya yale yaliyoyapa maisha ladha, na kupoteza heshima. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na wachache, kiasi cha robo hadi theluthi. Wengi wao wana saratani, na karibu wote tayari wako chini ya huduma shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mahangaiko mgonjwa asiyeponeka. Jambo linalonigusa zaidi ni hili: takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hawaitumii kamwe. Inakaa kabatini mpaka ugonjwa unapomaliza kazi yake wenyewe. Walichohitaji ni kujua kwamba ipo. Anayesema sheria hii inawasukuma watu kaburini anapaswa kuwaeleza hao, ambao kwa kuwa na uhakika wa njia ya kutokea walipata nguvu ya kukaa. Na baada ya zaidi ya robo karne, wanaokufa kwa njia hiyo Oregon hawajafika mmoja katika kila vifo mia vya jimbo hilo.

Upande wa pili, hoja nzito ni Kanada. Sheria yao ilianza mwaka 2016 ikimlenga mtu mwenye mateso yasiyovumilika ambaye pia kifo chake kinaonekana mbele. Mwaka 2019 mahakama ya Quebec ikasema sharti hilo linawabagua wenye mateso makubwa ambao hawako karibu na kufa, na mwaka 2021 bunge likalilegeza. Kufikia mwaka 2023 waliokufa kwa kusaidiwa walikuwa 15,343, karibu watano katika kila vifo mia vya Kanada. Hatua ya kuwaingiza wenye ugonjwa wa akili peke yake imeahirishwa hadi Machi 2027, na watu wenye ulemavu wamekuwa wakilalamika kwa sauti kubwa kwamba serikali inawarahisishia kufa huku nyumba na msaada wa kuwawezesha kuishi vikichukua miaka. Mimi siichukulii hofu hiyo kuwa ya kitoto. Ila tuangalie mteremko huo, yaani sheria kulegezwa hatua kwa hatua, ulianzia wapi. Kanada iliweka msingi wake kwenye mateso, na mateso hayana mpaka: kila mwenye kuteseka anaweza kuuliza kwa haki, kwa nini yeye na mimi nisiwe? Oregon iliweka msingi kwenye kufa kunakokaribia, na sharti lake la miezi sita halijasogezwa tangu 1997. Sheria hutiririkia kule ilikochimbiwa mfereji. Hoja ya mteremko basi haitoshi kukataa kila sheria, lakini inatosha kabisa kukataa sheria iliyoandikwa hovyo.

Na mpinzani aliyenishawishi zaidi kule London hakuwa askofu. Alikuwa Wes Streeting, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati kura hizo zinapigwa, ambaye alisema huduma shufaa ya nchi yake haijafikia kiwango cha kumpa mgonjwa uchaguzi wa kweli, akapiga kura ya hapana. Hiyo ndiyo nchi ambako daktari Cicely Saunders alifungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ya St Christopher's mwaka 1967 na kuufundisha ulimwengu kwamba maumivu ya saratani yanatulizika ukimpa mgonjwa dawa kwa saa, bila kusubiri alie. Mpaka leo hospisi za Uingereza hupata kutoka serikalini kiasi cha theluthi moja tu ya fedha zao. Nyingine zinatokana na michango, mbio za hisani na maduka ya nguo za mitumba. Waziri aliyekuwa akisimamia mfumo huo anaposema bado hatujafika, sisi tunaomhesabia mgonjwa wetu vidonge vya panadol tunapaswa kusikiliza.

Hata hivyo hoja inayorudiwa zaidi huku kwetu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba sisi Waafrika hatuna mambo hayo, kwamba ukoo humshika mgonjwa mkono mpaka pumzi ya mwisho, na kwamba kifo kwetu huja siku yake. Kuna ukweli ndani yake, na sitaki kuudharau. Dada anayelala sakafuni wodini miezi miwili akimgeuza mama yake kila saa hapatikani kirahisi huko Ulaya. Lakini kusema kwamba kwetu hakuna anayeamua siku ya mtu kufa ni kujidanganya. Kila aliyewahi kuuguza anaijua sentensi hii: "Madaktari wamesema tumrudishe nyumbani." Nyuma ya sentensi hiyo kuna kikao. Kaka mkubwa yupo, baba mdogo yupo, aliye Dubai amewekwa kwenye spika ya simu. Kuna bili ya chumba cha wagonjwa mahututi iliyokunjwa mara nne, inayoongezeka kila asubuhi. Shamba la Morogoro limeshauzwa, harambee imeshafanyika mara ya pili na safari hii watu wametuma elfu mbilimbili. Mtu mmoja anakohoa, anasema jamani, tuongee ukweli. Baada ya saa moja imeamuliwa: mashine itolewe, au dawa ghali isinunuliwe tena, au teksi iitwe. Wakati mwingine ni uamuzi wa busara, kwa kuwa matibabu yale yalikuwa yanamtesa bila faida. Wakati mwingine ni uamuzi wa pesa tupu. Sisi hatuoni tofauti, kwa sababu hakuna anayetakiwa kuieleza. Hakuna daktari wa pili, hakuna jopo, hakuna tamko lenye saini. Na mgonjwa, kama bado ana fahamu, yuko wodini anasubiri kuletewa uji. Tukifika hapo, mwenye haki ya kumcheka Mwingereza kwa utu wake ni nani?

Hapa ndipo shida yangu na kuiga sheria ilipo. Muswada wa Leadbeater unamdhania mgonjwa anayejua jina la ugonjwa wake na miezi iliyobaki. Kwetu habari hiyo hupewa familia. Shangazi yangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yalipotoka, daktari alimwita binamu yangu wa kiume akamweleza kwenye korido, kando ya mizani ya kupimia uzito, huku mwenye ugonjwa ameketi kwenye benchi hatua chache kutoka hapo na kadi yake ya kliniki mkononi. Aliambiwa ana uvimbe kidogo. Sisi wengine tulijua yote, tukamzunguka kwa maneno matamu ya kumtia moyo, na alifariki akiwa bado anapanga jinsi ya kudai hesabu zake kwa wenzake wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulidhani tunamlinda asife kwa mshtuko. Lakini mtu huyo hakupata nafasi ya kusema anataka mionzi iendelee au isimame, nani amlee mjukuu, wala azikwe wapi. Kenya ina Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inayomtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali ya afya yake, isipokuwa pale ambapo kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza ni kinyume cha maslahi yake. Kwa mazoea yetu huo upenyo wa mwisho umekuwa barabara kuu: kila mgonjwa wa saratani anahesabiwa kuwa ataumia akiambiwa, basi haambiwi.

Sasa ichukue sheria ya Oregon uiweke juu ya mazoea hayo. Ombi litaandikwa na nani? Atakayejua kwamba ipo miezi sita ni mtoto mkubwa. Atakayezungumza na daktari ni huyohuyo. Atakayelipa bili, na mara nyingi atakayerithi nyumba, ni huyohuyo. Saini itakuwa ya mgonjwa, naam, au dole gumba lake, lakini shinikizo halitahitaji hata neno moja kutamkwa. Mama wa Kiafrika akiona wajukuu wamesimamishwa shule kwa ajili ya dawa zake, hatasubiri kuombwa. Ataomba yeye, na ataomba kwa upendo, na jopo la watu watatu halitaona kosa lolote kwenye jalada lake. Watetezi wa sheria husema hofu ya kuwa mzigo ni sababu halali kama nyingine, na kwamba Oregon pia wapo wanaoitaja. Nakubali ni halali kwa mtu aliyeshiba, mwenye bima, mwenye nesi anayemtembelea nyumbani. Kwa mtu ambaye uzito wa mzigo wake unapimwa kwa ada za shule, tunachokiita uamuzi wake kimeshaamuliwa na umaskini.

Upande wa dini nao umeleweka vibaya, na safari hii kwa madhara ya moja kwa moja. Uislamu na Ukristo wa madhehebu makubwa vinakataza kumuua mgonjwa hata akiomba, na muumini anayekataa kwa imani yake hahitaji hoja ya ziada. Lakini hakuna mahali vilipomwamuru mtu ateseke bila dawa, wala vilipodai mashine iendeshwe milele. Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba ni halali kutoa dawa ya kutuliza maumivu hata kama inaweza kufupisha maisha, mradi kinachokusudiwa ni nafuu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu mashine kuondolewa kwa mtu ambaye madaktari wamethibitisha ubongo wake umekufa. Tofauti hizo hazifiki misikitini na makanisani kwetu. Kinachofika ni kwamba morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ni dawa ya kumalizia mtu. Nimemsikia muuguzi mwenye miaka mingi kazini akisema hivyo mbele ya mgonjwa. Familia ikishasikia neno hilo, chupa inafichwa, na mgonjwa anaachwa alie usiku kucha kwa jina la kuheshimu uhai.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwenye ripoti ya tume ya jarida la tiba la The Lancet ya mwaka 2017. Kila mwaka dunia iligawiwa tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini. Nchi zenye kipato cha chini, zote kwa pamoja, zilipata tani 0.1. Bei siyo kisingizio. Morfini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji, rangi na kihifadhi, na dunia nzima hakuna anayemiliki hati ya kuiuza peke yake. Hilo lilithibitishwa kwa jirani zetu. Dokta Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 baada ya kufanya kazi Singapore na Nairobi. Serikali ya Uganda ikakubali kuigharamia dawa hiyo mgonjwa aipate bure, na mwaka 2004 ikachukua hatua nyingine: ikawaruhusu kisheria wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini, kwa kuwa madaktari hawakufika vijijini na maumivu yalikuwa yanafika. Chupa ya kijani ni yenye nguvu ndogo, ya waridi inaizidi, ya buluu inazizidi zote. Muuguzi anakaa mkekani na binti wa mgonjwa, anamfundisha kuvuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, kipimo mara mbili wakati wa kulala ili mgonjwa asiamke usiku, na pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, kwa maana morfini hufunga tumbo na asiyeambiwa hilo huiacha siku ya tatu. Uganda nayo ina mapengo, na dawa hukatika. Lakini imeonyesha kwamba kinachokosekana kwingine ni uamuzi.

Kwa hiyo wale wachache wa kwetu wanaotaka sheria ya kusaidiwa kufa kwa hoja kwamba watu wanakufa kwa uchungu mkubwa, nao wana hoja dhaifu. Wanachokieleza ni kukosekana kwa dawa ya shilingi chache. Kumpa mtu ruhusa ya kufa kwa sababu ya maumivu ambayo muuguzi wa Mbarara, huko Uganda, angeyatuliza kwa chupa ya kijani ni kumwambia kwamba tumeshindwa kuleta chupa, basi tumemletea kaburi. Wapo wagonjwa ambao hata morfini haiwatoshi, na wapo ambao mateso yao si ya mwili. Kwa ajili yao nasema kimsingi mlango usifungwe milele. Ila hatuwezi kuwatambua watu hao mpaka wale wengine wote wawe wametulizwa. Ukiwauliza leo wagonjwa wa wodi nzima iliyojaa vilio nani anataka kufa, jibu utakalolipata ni la maumivu, na bado hutajua wenyewe wanataka nini.

Kwa Waswahili walio ughaibuni jambo hili haliko mbali hata kidogo. Kanada ina Wakongo, Warundi na Wakenya wengi wanaozeeka huko sasa, na sheria inawahusu kama inavyomhusu raia yeyote. Huko Uingereza, Wakenya wengi hufanya kazi katika nyumba za kuwatunzia wazee, na ni vizuri wajue kwamba muswada haumlazimishi mfanyakazi yeyote kushiriki. Lakini mazoea ya korido hayaachwi uwanja wa ndege. Mama asiyejua Kiingereza wala Kifaransa anakwenda kliniki na binti yake kama mkalimani. Daktari anasema, ugonjwa umesambaa, nadhani imebaki miezi michache, tuzungumze unachotaka. Binti anageuka, anasema, mama, daktari anasema ule vizuri na uendelee na dawa. Daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa. Kuanzia hapo kila fomu itakayofuata, ya kukataa mashine, ya kwenda hospisi au ya kuomba kufa, imesimama juu ya mazungumzo ambayo hayakufanyika. Mtoto hapaswi kubebeshwa kazi hiyo, na mama ana haki ya kumwomba daktari mkalimani asiye ndugu yake. Hospitali nyingi za huko wanao, hata kwa njia ya simu. Aombe kabla ya siku ya majibu.

Kwa walio nyumbani, kuna mambo yanayowezekana bila kugusa hata kifungu kimoja cha Kanuni ya Adhabu. Wizara zinaweza kuagiza kwamba majibu ya saratani apewe mgonjwa kwanza, chumbani, na ndugu waingie kwa ridhaa yake. Mabunge ya Tanzania na Kenya yanaweza kuitazama hatua ya Uganda ya 2004 na kuwapa wauguzi waliosomea huduma shufaa kalamu ya kuandika morfini. Vyuo vya uuguzi vinaweza kufuta ile imani ya dawa ya kumalizia katika muhula mmoja. Na kabla hatujajadili nani asaidiwe kufa, tunaweza kutunga sheria nyepesi ya wosia wa matibabu, ambayo mtu akiwa mzima anaandika anachotaka na asichotaka siku atakaposhindwa kusema, ili kile kikao cha sebuleni kikianza, pawepo na karatasi ya mwenyewe mezani.